MWILI WETU: MBONI YA JICHO



Mtu akitoka Mgeta na mzigo wake wa kabichi, akashuka mpaka Morogoro mjini, akafika saa sita ya mchana nyumbani kwa ndugu yake, husimama mlangoni na kupiga hodi. Ndani huitikiwa, "Karibu!" naye haoni ila giza. Hamwoni mwenyeji wake, haoni kiti, haoni hata chungu kilicho karibu na mguu wake. Watu waliomo ndani wamwona yeye vizuri sana, nao humcheka kidogo akipapasa ukuta. Baada ya kitambo, kidogo kidogo, watu na vyombo hutokea gizani kana kwamba vinaletwa kimoja kimoja. Nyumba haikubadilika, wala hapana aliyefungua dirisha. Lililofunguka ni dirisha la mgeni mwenyewe, yaani mboni ya jicho lake, na habari za mboni ndizo tutakazozieleza mwezi huu.

Watu wengi hudhani ya kuwa mboni ni kitu cheusi kilichobandikwa katikati ya jicho, mfano wa mbegu ya papai. Kumbe mboni ni tundu. Mbele yake pana ngozi ngumu iliyo angavu kama kioo. Nyuma yake pana lenzi, nayo pia ni angavu. Na nyuma kabisa, ndani ya jicho, umetandikwa utando mwembamba upokeao nuru na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Kwa nini basi tundu hilo laonekana jeusi? Simama njiani wakati wa jua kali, uitazame nyumba iliyo ng'ambo ya bonde, yenye mlango wazi. Mlango ule waonekana mweusi, hata kama kuta za ndani zimepakwa chokaa, maana nuru iingiayo ni nyingi na itokayo ni haba. Ndivyo ilivyo mboni. Mfano huu wa mlango uwekeni akilini, kwa kuwa tutaurudia: siku mlango ule ukionekana mweupe, ndani mna jambo.

Ile duara yenye rangi iliyolizunguka tundu, ambayo kwetu kwa kawaida ni ya kahawia, ni pazia. Ndani yake mna misuli ya namna mbili. Wa kwanza umelizunguka tundu kama kamba iliyopitishwa katika mdomo wa mfuko: ukikaza, tundu hupungua. Wa pili, nyuzi zake zimetawanyika toka tundu mpaka ukingoni kama njiti za mwavuli: zikivuta, tundu hutanuka. Katika jua kali upana wa mboni ni milimita 2 hivi, na gizani mboni ya kijana hufika milimita 7 au 8. Upana ukizidi mara 4, eneo la tundu huzidi mara 16, na nuru iingiayo vivyo hivyo. Ama kwa wazee, mboni hubaki ndogo hata gizani. Kwa hiyo babu akisema ya kuwa taa haitoshi, na wajukuu wake wasoma bila shida kwa taa ile ile, msimwambie kwamba analalamika bure. Macho yake hayapokei nuru kama yao.

Jambo hili laweza kujaribiwa nyumbani bila gharama. Mketishe mtoto aelekee dirisha, mfunike macho kwa viganja, uhesabu mpaka kumi, kisha uondoe mikono. Utaziona mboni zikisinyaa mbele ya macho yako, maana huanza kabla robo ya sekunde haijapita. Kutanuka huenda polepole zaidi, ndiyo sababu mgeni wetu wa Mgeta alikaa kitambo mlangoni. Sasa jaribu tena katika chumba chenye giza kidogo: mulika tochi ndogo, isiyo kali, upande wa jicho moja tu. Utaona jicho la pili nalo, lisilomulikwa, limefunga mlango wake pamoja na mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu habari ya nuru hupita katika mshipa wa fahamu mpaka ubongoni, na amri ya kusinyaa hutoka ubongoni kwenda katika macho yote mawili kwa mara moja. Daktari mmoja wa Scotland, jina lake Robert Whytt, aliandika habari za jambo hili mwaka 1751, akalihesabu miongoni mwa mambo ambayo mwili huyatenda bila kumngoja mwenyewe.

Bila kumngoja mwenyewe: hapo ndipo penye maana. Mtu akiingiwa na hofu, mboni zake hutanuka. Akitazama kitu cha karibu sana, kama mama anayechomeka uzi katika tundu la sindano, husinyaa. Mtu aweza kuuzuia ulimi wake, na wengine huweza kuyazuia hata machozi, lakini hapana awezaye kuiambia mboni yake, "Fungua," ikafungua. Basi kwa kuwa haipokei amri zetu, mboni haijui kuficha, na aijuaye desturi yake huweza kusoma ndani yake mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyasema.

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Tofauti kati ya jua la mchana na usiku wa nyota ni kubwa mno, si ya mara 16 tu. Kazi iliyobaki huifanya ule utando wa nyuma, ambao gizani huzidi kuamka muda wa dakika 20 au 30 na zaidi, kisha nuru kali ikiupiga mara moja, kazi yote yaharibika na yabidi kuanza upya. Mkitembea usiku katika njia za milimani, kama za kwenda Tegetero au Kinole, aliye mbele asigeuze tochi usoni mwa aliye nyuma. Amwonyeshe chini, miguuni. Kwenye njia yenye genge upande mmoja, adabu hiyo ni kubwa kuliko salamu.

Tena kuna siku moja ambayo mboni hudanganywa, nayo ni siku ya kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa katika mkoa wa Mbeya, wakaliona jua limebaki kama pete ya moto. Huku Morogoro sehemu kubwa ya jua ilifunikwa, wala si jua lote. Siku kama hiyo mwanga wa nchi hupungua, mboni haisinyai kama desturi yake, wala jicho halilazimiki kufumba. Lakini kile kipande cha jua kilichobaki kina ukali ule ule wa siku zote, nacho hupita katika mlango uliofunguliwa na kuunguza utando wa nyuma. Utando ule hausikii maumivu. Mtu hurudi nyumbani akicheka na wenzake, na baada ya saa kadhaa, au kesho yake, huona doa katikati ya kila kitu anachokitazama. Vioo vilivyopakwa masizi na picha za eksirei hazitoshi kukinga, wala kulitazama jua katika beseni la maji si salama, ingawa wengi wetu tulifundishwa hivyo na wakubwa. Asiye na miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na alipe jua mgongo, atazame chini ya mwembe. Kila upenyo kati ya majani ni kama mboni ndogo, nao huchora juu ya mchanga sura ya jua lililolika, vipande vingi kama miezi michanga. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika Afrika ya Kaskazini na Arabuni, na kwetu sehemu yake itafunikwa. Waalimu wenye shule na wajiandae mapema.

Wanyama nao wana milango yao, kila mmoja kwa kazi yake. Mboni ya paka mchana ni ufa wa kusimama. Ya mbuzi ni ufa wa kulala, nao humsaidia kutazama pande zote za uwanda asije akashtukiwa. Naye mbuzi akiinamisha kichwa ale majani, macho yake huzunguka hata ule ufa ubaki sawa na ardhi. Mchungaji asiyeamini na atazame. Katika misitu ya Uluguru yuko komba mdogo wa milimani, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutokana na milima hii hii. Macho yake ni makubwa mno kwa kichwa chake, na yakimulikwa usiku hung'aa kama makaa, kwa kuwa nyuma ya utando wake pana kitu kama kioo kinachorudisha nuru. Watoto huogopa wakiyaona, wala si ajabu.

Ukimtazama mwenzako machoni kwa karibu utaona mtu mdogo sana amesimama katika mboni. Ni wewe mwenyewe, sura yako imerudishwa na kile kioo cha mbele. Waarabu huiita mboni "mtu wa jicho," na Warumi wa kale waliipa jina lenye maana ya kitoto cha kike, au mwanasesere. Kwetu sisi, mtoto wa jicho ni jina la ugonjwa, nalo latuleta kwenye jambo ambalo hasa kwa ajili yake tumeandika haya yote.

Tulisema mlango ukionekana mweupe ndani mna jambo. Kwa mzee, mara nyingi jambo hilo ni mtoto wa jicho: lenzi iliyokuwa angavu imekuwa kama maji ya mchele, na weupe wake waonekana katika tundu. Daktari huiondoa na kutia nyingine ya kutengenezwa, naye mzee huona tena. Habari hizi zajulikana na wengi siku hizi. Lakini mboni nyeupe ya mtoto mchanga ni habari nyingine, nayo haijulikani inavyopasa. Pengine ni lenzi yenye ukungu aliozaliwa nayo, nayo yataka kupasuliwa mapema, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya kwanza tu, na usipofundishwa wakati ule, hautafundishika baadaye hata jicho likisafishwa. Na pengine ni saratani ya ule utando wa nyuma, iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata watoto wadogo, wengi wao kabla hawajatimiza miaka 5.

Sikilizeni vema, akina mama. Ugonjwa huu mwanzoni hauumi. Mtoto hunyonya, hucheka, hutambaa. Mama huona tu, jioni akimnyonyesha karibu na taa, mng'ao mweupe katika jicho moja, kama jicho la paka, kisha wapotea mtoto akigeuza uso. Kwa mwingine dalili ya kwanza ni makengeza. Wengine huigundua kwa picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wake: jicho moja limetoka jekundu, kama macho ya watu wengi yanavyotoka katika picha hizo, na la pili jeupe. Bibi husema ni urembo tu. Jirani husema kitapona chenyewe. Baba husema tungoje tuuze ndizi kwanza. Na saratani haingoji ndizi. Ikiwa ingali ndani ya jicho, watoto walio wengi huweza kuponywa, hata kama pengine jicho lenyewe laondolewa. Ikifuata mshipa wa fahamu mpaka ubongoni, kuponyeka ni shida sana. Mbele ya baba na mama ziko njia mbili, kumpata mtoto wa jicho moja aendaye shule, au kumzika. Na kinachozitenganisha mara nyingi ni miezi michache. Asiyeweza kwenda mbali aanze na hospitali ya mkoa hapa Morogoro, nayo itamwandikia barua. Muhimbili katika Dar es Salaam na KCMC katika Moshi watoto hawa hutibiwa, na katika Uganda hospitali ya misheni ya Ruharo, karibu na Mbarara, imewatibu wengi.

Wala asitiwe kitu machoni kabla ya kwenda. Mwaka 1994 madaktari waliochunguza vidonda vya jicho katika Tanzania waliandika ya kuwa dawa za kienyeji za kutia machoni zilikuwa mojawapo ya sababu zake. Kidonda kikipona huacha kovu juu ya kile kioo cha mbele, mbele ya mboni kabisa, na mlango uliokuwa mzima hufungwa kwa nje.

Yako mambo mengine ambayo mboni huyatangaza. Katika mito ya milima yetu inzi mdogo wa usubi huzaliwa penye maji yaendayo kasi, na Morogoro imehesabiwa pamoja na Kilosa, Mahenge, Ruvuma, Tanga na Tukuyu katika sehemu za nchi zilizokuwa na ugonjwa wake. Vijidudu vyake vikiingia machoni, pazia hugandamana na lenzi, na mboni yaweza kuvutwa chini ikawa na umbo la peasi. Basi dawa ya usubi ikiletwa kijijini, aambiwaye ameze na ameze, hata kama hajisikii kuumwa. Ama watoto wenye ualbino, pazia lao limekosa rangi, na nuru hupenya katika pazia lenyewe, si katika tundu tu. Ndiyo sababu hukunja uso juani. Mwalimu ampe mtoto huyo nafasi karibu na ubao, mgongo wake uelekee dirisha, na wazazi wamtafutie kofia yenye ukingo mpana. Kumwita mvivu wa kusoma ni ujinga wa aitaye.

Tena, mtu akianguka kutoka juu ya mfenesi, au akitupwa na pikipiki, akagonga kichwa: mtazameni mboni. Watu wapata mmoja katika watano wana mboni zinazopitana kidogo tangu zamani, na hilo si neno. Lakini mboni ya upande mmoja ikitanuka baada ya pigo, nayo haisinyai ikimulikwa, na mtu mwenyewe anasinzia au anatapika, yamkini damu imevuja ndani ya fuvu na kuugandamiza mshipa wa fahamu unaoiamuru mboni ile. Asiachwe alale "apumzike." Apelekwe saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa ni kwa machela.

Jambo la mwisho lawahusu hasa wakulima wa Mgeta na wengine wapigao dawa za wadudu katika kabichi na nyanya. Zipo dawa za jamii ya oganofosfeti, ambazo zikiingia mwilini kwa ngozi, kwa pumzi au kwa kinywa, husinyaza mboni zikawa kama ncha ya sindano, hata kivulini. Pamoja na hayo mtu hutokwa na jasho, mate na machozi, misuli hutetemeka, na kifua hubana. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mpelekeni hospitali, na kile kibuyu cha dawa au karatasi yake vichukuliwe pia, daktari asome jina. Kumnywesha maziwa hakuondoi sumu hii, hupoteza wakati.

Huko hospitali atapigwa sindano ya atropini, nayo ndiyo dawa ambayo, kwa ajabu, hutenda kinyume cha sumu ile na kuzitanua mboni. Na atropini tunayo hata majalalani mwetu: imo katika mnanaha, gugu lile lenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda lenye miiba, liotalo penye taka na mazizi. Aling'oaye kisha akafikicha jicho huweza kukaa siku kadhaa na mboni moja pana, akaogopesha nyumba nzima. Mtoto alaye mbegu zake hukauka kinywa, huwa mwekundu wa macho na mboni pana, na kuweweseka. Wala mtu asidhani ya kuwa, kwa sababu hiyo, mnanaha wafaa kumnywesha aliyepatwa na sumu ya shamba. Daktari hupima atropini kwa sehemu ndogo ndogo za gramu. Gugu halina kipimo.

Atakayekwenda kupimwa macho atatiwa matone ya jamii ya dawa hiyo ili mboni itanuke, daktari apate kuchungulia mpaka kwenye utando wa nyuma. Kwa saa kadhaa baadaye jua halivumiliki na maandishi ya karibu hayasomeki. Basi atokaye Bunduki au Kolero aende na mwenzake, achukue kofia, wala asiendeshe pikipiki mwenyewe siku ile.